Kwa Nini VVU Haviendi Mwendo Mmoja kwa Kila Mtu

Mtu mzima aliyeambukizwa VVU asipopata dawa hufikia hatua ya UKIMWI, kwa wastani, baada ya miaka 8 hadi 10. Wastani huo unaficha tofauti kubwa. Wapo ambao kinga ya mwili wao huporomoka ndani ya miaka 2 au 3. Wapo pia wachache, pengine chini ya mmoja katika kila 100, ambao mwili wao huvibana virusi bila dawa yoyote hadi vipimo vya kawaida vya hospitali vinashindwa kuviona kwenye damu. Watu wawili wanaweza kuambukizwa mwaka mmoja, mji mmoja, wakila chakula kinachofanana na kutibiwa kwenye zahanati moja, kisha mmoja akazikwa mapema na mwenzake akalea wajukuu.

Tofauti hii ilionekana mapema. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na haukupita muda kabla ya familia na waganga kuona kwamba ugonjwa hauchagui siku zilezile kwa kila mtu. Kwa miaka mingi maelezo yaliyotolewa yalikuwa ya kukisia: lishe, umri, nguvu za mtu, majaliwa. Leo sehemu kubwa ya jibu inajulikana. Mwendo wa ugonjwa huamuliwa na mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: jeni alizorithi mtu kwa wazazi wake, aina ya kirusi kilichomwingia, na maradhi mengine yaliyomo mwilini mwake. Sehemu muhimu ya ushahidi huo imetoka Mbeya, katika damu iliyotolewa kwa hiari na watu wa Nyanda za Juu Kusini.

Eneo lililobeba mzigo mkubwa

Barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya kabla ya kufika mpakani Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, huungana na barabara hiyo Makambako na kuendelea hadi Mbeya na Tunduma. Njia hizi zilileta biashara, na biashara ikaleta nyumba za wageni, baa, madereva wanaolala njiani na vijana wanaofuata kazi. Mashamba ya chai ya Mufindi na msitu wa Sao Hill navyo vilivuta vibarua waliokaa miezi mingi mbali na familia zao.

Takwimu zinaonyesha matokeo yake. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04, kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa asilimia 7.0 kwa Tanzania Bara, lakini Mbeya kilikuwa asilimia 13.5 na Iringa asilimia 13.4. Utafiti wa mwaka 2022-23, uliohusisha watu wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta kiwango cha kitaifa cha asilimia 4.4. Njombe, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012, iliongoza kwa asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa yenye asilimia 11.1 na Mbeya yenye asilimia 9.6.

Hapa pana jambo la kuliweka sawa mapema. Wingi wa maambukizi katika mikoa hii hautokani na kwamba Wahehe, Wabena, Wanyakyusa au Wasafwa wana damu dhaifu. Unaelezwa na barabara, kazi za kuhamahama, mtandao wa mahusiano ya kimapenzi, na uchache wa wanaume waliotahiriwa. Majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, yaliyotangazwa kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Iringa ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza nchini kuitikia. Katika kampeni ya wiki chache mwaka 2010, wanaume na wavulana zaidi ya 10,000 walijitokeza kutahiriwa. Jeni huanza kuwa na uzito linapoulizwa swali jingine: mtu akishakutana na kirusi, ni nini kitakachotokea ndani ya mwili wake?

Wanawake 600 wa Mbeya

Kulijibu swali hilo kunahitaji kuwafuatilia watu walewale kwa miaka. Kazi hiyo ilifanyika Mbeya kupitia programu ya utafiti wa tiba iliyowaunganisha watafiti wa Tanzania, Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich, Ujerumani, na programu ya utafiti wa VVU ya jeshi la Marekani. Programu hiyo baadaye ikawa kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Miongoni mwa walioiongoza miaka ya mwanzo ni Leonard Maboko na Michael Hoelscher.

Mwaka 2000 watafiti waliandikisha wanawake 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa na nyumba za wageni mkoani Mbeya. Utafiti huo, uliojulikana kwa kifupi cha HISIS, uliwafuatilia hadi mwaka 2004. Kila baada ya miezi 3 mshiriki alipimwa afya, alitoa damu, alipewa ushauri nasaha, na alitibiwa magonjwa ya ngono aliyokutwa nayo. Kipimo cha kwanza kilionyesha kwamba karibu asilimia 68 ya wanawake hao tayari walikuwa na VVU. Kadiri miaka ilivyokwenda, magonjwa ya ngono yanayotibika yalipungua miongoni mwao. Hiyo ilikuwa faida ya wazi kwa washiriki wenyewe.

Thamani ya kisayansi ya utafiti huo ina upande wa uchungu. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza makali ya VVU, yaani ARV, ulianza mwaka 2004. Katika miaka ya HISIS wananchi wengi hawakuwa na namna ya kuzipata, na ndiyo sababu watafiti waliweza kuona mwendo wa kirusi kisichozuiwa na dawa. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kurudiwa leo, na haufai kurudiwa. Sampuli zile ni amana, na kila ugunduzi uliotokana nazo una deni kwa wanawake ambao baadhi yao hawakuishi kuona dawa zikifika.

Kazi ya jeni za HLA

Jeni zenye uzito mkubwa kuliko zote katika mapambano na VVU ziko kwenye kromosomu ya 6, nazo huitwa HLA. Kila mtu hurithi seti moja kwa baba na nyingine kwa mama. Tatu kati yake, HLA-A, HLA-B na HLA-C, hutengeneza protini zinazokaa juu ya karibu kila seli ya mwili. Kazi ya protini hizo ni kuchukua vipande vidogo vya protini zilizomo ndani ya seli na kuvionyesha nje, kama mwenye duka anavyotandaza sampuli barazani ili wapitao wajue kilichomo ndani. Wapitao hapa ni seli nyeupe za kinga ziitwazo CD8. Seli ya CD8 ikikuta kipande cha kirusi kimetandazwa, huiua seli iliyoambukizwa kabla haijazalisha virusi vipya.

HLA zina matoleo maelfu miongoni mwa binadamu, na kila toleo huchagua vipande vya aina yake. Matoleo mengine huonyesha vipande ambavyo kirusi kinaweza kuvibadili bila hasara. Seli za kinga zinapojifunza kuvitambua, kirusi kimekwisha kubadilika. Matoleo mengine, hasa HLA-B*57, HLA-B*58:01 na HLA-B*81:01, huonyesha vipande vya Gag, protini inayojenga ganda la ndani la kirusi. Ganda hilo halivumilii mabadiliko. Kirusi kikijaribu kujificha kwa kubadili sehemu hiyo, mara nyingi hupoteza kasi yake ya kuzaliana. Mwenye toleo la namna hii hubaki na virusi vichache zaidi kwenye damu, na kinga yake hudumu kwa miaka mingi zaidi.

Christof Geldmacher na wenzake, wakitumia sampuli za Mbeya, walionyesha mwaka 2007 kwamba washiriki ambao seli zao za CD8 zilitambua vipande kadhaa vya maeneo maalumu ya Gag walikuwa na wingi mdogo wa virusi kuliko wengine. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi mwingine kutoka Mbeya kuhusu HLA-A*74:01, toleo linalopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Toleo hilo lilihusishwa na uwezekano mdogo wa kuambukizwa na pia na mwendo wa polepole wa ugonjwa kwa walioambukizwa. Tafiti za kusini mwa Afrika zililihusisha toleo hilohilo na udhibiti wa virusi.

Ugunduzi kama huu una uzito kwa sababu jeni za kinga hazigawanyiki sawa duniani. Mfano unaotajwa sana ni badiliko la jeni ya CCR5, mlango ambao VVU huutumia kuingia kwenye seli. Mtu aliyerithi badiliko hilo kwa wazazi wote wawili huwa na kinga kubwa dhidi ya VVU. Timothy Ray Brown, mtu wa kwanza kupona VVU, alipandikizwa uboho wenye badiliko hilo mjini Berlin. Lakini badiliko hilo lipo hasa kwa watu wa asili ya Ulaya ya Kaskazini, na Afrika ni kama halipo. Sayansi ingechunguza damu ya Wazungu peke yao, ingeiacha HLA-A*74:01 bila kuijua.

Kirusi nacho kina aina zake

VVU vilivyoenea duniani si kirusi kimoja. Kundi kuu la VVU-1 lina aina ndogo zinazopewa herufi, na katika Afrika Mashariki zinazotawala ni A, C na D. Aina A na D zimeenea zaidi Uganda na Kenya. Aina C inatawala kusini mwa Afrika. Mbeya iko mahali ambapo mikondo hii inakutana: C ndiyo iliyo nyingi, A na D zipo, na pamoja nazo vipo virusi chotara vilivyochanganya vipande vya aina mbili au zaidi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba chotara hao wa Mbeya ni wengi, na kwamba hawakutokana na mzazi mmoja. Walizaliwa upya mara nyingi, kila mmoja kwa njia yake.

Chotara huzaliwa pale mtu mmoja anapobeba virusi vya aina mbili kwa wakati mmoja na seli yake moja ikaingiliwa na vyote viwili. Ndiyo maana HISIS ilichunguza kwa makini maambukizi juu ya maambukizi, yaani mtu mwenye VVU kuambukizwa tena kirusi kingine. Ilithibitika kwamba jambo hilo hutokea. Katika mmoja wa washiriki, watafiti walifuatilia kwa miezi 30 jinsi kirusi cha pili kilivyoingia, kikashindana na cha kwanza na kuchanganyika nacho. Kinga iliyojengwa dhidi ya kirusi cha kwanza haikutosha kukizuia cha pili. Kwa wenza ambao wote wana VVU na hawajaanza dawa, ushauri wa kuendelea kutumia kondomu una msingi huo.

Aina ya kirusi hubadili pia kasi ya ugonjwa. Utafiti wa Pontiano Kaleebu na wenzake nchini Uganda, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba wenye aina D walifariki mapema kuliko wenye aina A. Utafiti wa Dar es Salaam wa mwaka 2006, uliowafuatilia wanawake walioandikishwa wakiwa wajawazito, ulikuta pia kwamba aina D ndiyo yenye mwendo wa kasi zaidi, na uchunguzi wa Rakai wa mwaka 2008 ukakubaliana nao. Maelezo yenye nguvu ni kwamba aina D hupata mapema uwezo wa kutumia mlango wa pili wa seli, CXCR4, na hivyo kushambulia seli nyingi zaidi za CD4, yaani seli za kinga ambazo VVU huzilenga.

Jeni na kirusi vinapokutana

Toleo la jeni halisaidii peke yake, na aina ya kirusi haidhuru peke yake. Uchunguzi mwingine wa sampuli za Mbeya, uliochapishwa mwaka 2009, ulichunguza kipande kimoja kifupi cha Gag ambacho huonyeshwa na matoleo kadhaa ya HLA-B yanayofanana sana. Kwa macho ya kemia, tofauti kati ya matoleo hayo ni ndogo mno, na tofauti kati ya kipande cha kirusi kimoja na cha kingine ni kiungo kimoja tu cha protini. Hata hivyo tofauti hizo ndogo zilibadili kwa kiasi kikubwa nguvu ya seli za kinga na hatima ya mwitikio wao. Mtu mwenye jeni nzuri akikutana na kirusi ambacho kimekwisha kubadilika, faida yake inaweza kupungua au kupotea.

Tafiti kubwa, zilizofanywa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya, zinakadiria kwamba jeni za mwenye mwili zinaeleza karibu robo ya tofauti katika wingi wa virusi kati ya mtu na mtu, na kirusi chenyewe karibu theluthi. Sehemu inayobaki ni ya umri, jinsia, maradhi mengine na bahati.

Mvutano huo huamuliwa mapema. Utafiti uitwao RV217, uliofanyika Mbeya pamoja na vituo vya Kenya, Uganda na Thailand, uliwapima watu wasio na maambukizi kwa tone la damu ya kidole mara mbili kwa wiki ili kuyanasa maambukizi yakiwa ya siku chache tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba virusi hufikia kilele siku ya 13 tangu vionekane kwenye damu, vikiwa karibu milioni 5 katika kila mililita. Kufikia siku ya 31 hushuka hadi karibu 20,000. Kiwango ambacho mtu hutulia nacho baada ya hapo hutabiri ni miaka mingapi kinga yake itadumu bila dawa. Katika siku hizo za kilele wengi walikuwa na dalili chache mno.

Maradhi mengine mwilini

Jambo la tatu ni yale mtu anayoishi nayo. Katika Nyanda za Juu Kusini la kwanza kutajwa ni kifua kikuu. Watu wengi hubeba bakteria wake wakiwa wamelala, wakilindwa na seli za CD4 zinazowatambua. Sampuli za HISIS zilionyesha, katika kazi zilizochapishwa mwaka 2008 na 2010, kwamba seli hizo za kifua kikuu hutoweka mapema baada ya VVU kuingia, kabla jumla ya CD4 haijashuka sana. Sababu ni kwamba VVU huziambukiza kwa urahisi zaidi kuliko seli nyingine. Seli zinazotambua virusi vya CMV, kwa mfano, hutoa kwa wingi kemikali inayouziba mlango wa CCR5. Seli za kifua kikuu hutoa kidogo. Hivyo mtu mwenye CD4 nyingi tu anaweza kuugua kifua kikuu, na mhudumu wa afya hapaswi kusubiri hesabu ya CD4 ishuke ndipo aulize kuhusu kikohozi, homa na jasho la usiku.

La pili lilionekana Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ambako minyoo ya matende na mabusha ilienea. Utafiti wa EMINI, uliofuatilia maelfu ya wakazi katika maeneo 9 ya mkoa wa Mbeya, ulitoa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016. Miongoni mwa wenye minyoo hiyo, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa karibu 1.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na miongoni mwa wasio nayo 0.8. Minyoo huiamsha kinga ya mwili muda wote, na seli za CD4 zilizoamshwa ndizo VVU huzipenda.

Jeni na dawa

Jeni huamua pia namna mwili unavyoipokea dawa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Tanzania aliyeanza ARV alipewa mchanganyiko wenye efavirenz, dawa inayovunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6. Toleo la jeni linalofanya kimeng'enya hicho kiende polepole ni la kawaida Afrika. Tafiti za watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na washirika wao zilionyesha kwamba wagonjwa wenye toleo hilo hubaki na dawa nyingi kwenye damu. Kizunguzungu na ndoto za kutisha walizolalamikia wagonjwa zilikuwa na chanzo halisi katika miili yao.

Kirusi nacho kilikuwa kikijifunza kuikwepa efavirenz. Kwa sababu hizo mbili, Tanzania ilihamia dawa ya dolutegravir kuanzia mwaka 2019. Dawa hii humezwa mara moja kwa siku, kirusi huizoea kwa shida, na hufanya kazi kwa aina A, C, D na chotara zao.

Mahali elimu hii inapofikisha

Matumaini ya awali yalikuwa kwamba kuzijua jeni na virusi kungeleta chanjo. Mbeya imeshiriki majaribio kadhaa ya chanjo. La hivi karibuni ni PrEPVacc, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuwashirikisha watu 1,512 wa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Uchomaji wa chanjo ulisitishwa mwaka 2023 ilipobainika kwamba chanjo hizo hazikingi. Utofauti wa aina za virusi na wepesi wao wa kubadilika ni miongoni mwa sababu zinazoifanya kazi hiyo kuwa ngumu.

Kwa mgonjwa wa leo, hata hivyo, dawa zimekwisha kubadili uzito wa mambo yote yaliyoelezwa hapa. Tangu Oktoba 2016 sera ya Tanzania ni kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU, bila kusubiri CD4 zishuke. Anayezimeza kila siku na wingi wa virusi ukashuka hadi kutoonekana hulinda kinga yake, na hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono, awe na HLA-B*57 au asiwe nayo, kirusi chake kiwe C au D. Jeni nzuri bila dawa huchelewesha ugonjwa tu. Dawa huuzuia hata kwa mwenye jeni mbaya.

Katika kituo cha tiba na matunzo cha Mafinga, Makambako au Kyela hakuna anayeulizwa jeni zake. Anaulizwa kama amepima, kama ameanza dawa, na kama anazimeza kila siku. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2019 inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima kwa ridhaa yake mwenyewe, na inaruhusu mtu kujipima. Hakuna anayeweza kuchagua jeni za kurithi wala aina ya kirusi cha kukutana nacho. Kupima mapema na kushika dawa kunawezekana kwa kila mtu, na ndiyo njia njema ya kuwaheshimu wanawake 600 wa Mbeya ambao damu yao ilifundisha mengi ya haya.